Chupa Haifunguliwi kwa Mtoto Mmoja

Kofi lilimpata muuguzi Truphena akiwa ameinama, anaandika uzito wa mtoto. Hakuliona likija. Alisikia tu sikio la kushoto likilia, kalamu ikamtoka mkononi, na alipoinua uso akaona mwanamume mwenye aproni ya ngozi amesimama mbele ya meza, kiganja bado kiko juu kama anayefikiria kuongeza la pili. Akina mama wapatao arobaini waliokuwa kwenye mabenchi waligeuka wote kwa mpigo.

"Mke wangu amefika hapa saa kumi na moja asubuhi!" yule mwanamume alifoka. "Sasa hivi ni saa saba mchana! Mtoto anachemka! Anauliza, anaambiwa ngoja. Anauliza tena, ngoja. Mnadhani sisi ni mbuzi wa soko la Kiamaiko, tufungiwe tu hapa?"

Jina lake lilikuwa Caleb Mutisya, fundi wa masanduku ya bati karibu na soko la Gikomba, mtu wa kugonga nyundo tangu asubuhi hadi jioni, kwa hivyo mkono wake haukuwa wa mchezo. Mkewe, Nthambi, alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni, akimvuta aproni na kumwambia kwa sauti ya chini, "Baba Syombua, basi. Twende." Mlinzi alikuja mbio akamshika Mutisya mkono, lakini kwa adabu, kama anayemsindikiza mgeni.

Chanzo cha haya yote kilikuwa kitu cha kipuuzi. Katika kituo kile cha afya, mama akifika alfajiri humpa mlinzi kitabu cha mtoto, nacho hutupwa kwenye katoni langoni. Cha kwanza kinakaa chini kabisa, cha mwisho kinakuwa juu. Saa mbili mzee Shitanda, anayefagia, huibeba ile katoni, akaupindua mrundo wote juu chini mezani, na hapo wa kwanza kufika anakuwa wa kwanza kuitwa. Kazi ya sekunde mbili. Lakini Jumatatu hiyo Shitanda alikuwa amekwenda kwao kuzika, na kibarua aliyeshika nafasi yake akavileta vitabu vile vile vilivyokuwa. Nthambi, aliyefika wa kwanza, akawa wa mwisho. Waliochelewa waliitwa mapema, wakaenda zao, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo.

Nthambi aliuliza mara tatu. Truphena alikuwa peke yake siku hiyo, wenzake wawili wako likizo, na mara zote tatu alimjibu bila kumtazama. Mara ya tatu alisema, "Mama, mimi siiti watu. Vitabu ndivyo vinaita. Kaa chini." Lilikuwa jibu baya. Lakini mwanamume anayempiga mwanamke akiwa kazini hana wakili kwangu, na wala sitamtafutia.

Truphena aliokota kalamu. Akamaliza kuandika uzito wa yule mtoto, kilo saba na nusu, kisha akaingia chooni akafunga mlango. Humo alilia kwa hasira tupu, meno yameumana, huku akifungulia maji ya bomba ili wasimsikie.

*

Jioni, nyumbani Shauri Moyo, habari ilikuwa imefika kabla yake. Mtu alikuwa ametoa simu pale kwenye benchi akarekodi. Akech, bintiye wa kidato cha pili, alikuwa ameketi na simu mkononi, hajui aifiche au aionyeshe.

"Mathe, iko kwa kila grupu," alisema. "Hata ya darasa letu."

"Leta."

Truphena alijiona akipigwa. Kwenye video kofi lilikuwa dogo kuliko lilivyokuwa, na yeye mwenyewe alionekana mnene, mzembe, kofia imekaa upande. Halafu akasoma yaliyoandikwa chini. *Huyo amekula haki yake. Hao masista huwa wanajiona. Angeongezewa mbili.* Mwanamke mmoja, ambaye Truphena alimzalisha mwenyewe mwaka juzi, alikuwa ameweka vikaragosi vitano vinavyocheka.

Mumewe, Zedekiah, aliingia saa moja akitoka kazini Baba Dogo, kwenye kiwanda cha mabeseni ya plastiki. Hakuvua hata viatu. Vijana wa zamu yake walikuwa wamemwonyesha ile video mbele ya mashine, mmoja akamuuliza kama huyo ni shemeji.

"Nimeuliza," alisema. "Huyo mtu ana kibanda chake pale pale kwenye masanduku. Nampigia ndugu yangu Seth, tunakwenda saa hii. Hatutaongea."

"Mkafanye nini?"

"Nini tena, Mama Akech! Tumtoe meno."

"Halafu?"

"Halafu nini?"

"Halafu utalala kituoni, utafutwa kazi, na mimi nitabaki yule yule aliyepigwa." Truphena aliongea taratibu, mkono kwenye shavu. "Mimi sitaki apigwe. Nataka aje asimame mbele ya yale mabenchi, aniombe msamaha, na akina mama wale wale wasikie. Aone haya kama nilivyoona mimi. Hicho tu. Nisipokipata hicho, Zedekiah, sitakaa nisahau mpaka naingia kaburini."

Zedekiah alimtazama. Walikuwa wameoana miaka kumi na saba na hakuwahi kumsikia akiongea hivyo. Akavua viatu.

*

Siku ya Alhamisi msimamizi wa kituo, Bwana Nabiswa, aliwaita Truphena na Mutisya ofisini kwake. Nabiswa alikuwa mtu mpole aliyeogopa mambo matatu: waandishi wa habari, wakubwa wake, na video. Alimwagiza Shitanda alete soda mbili, akawafungulia mwenyewe.

"Sista Truphena, najua uliandikisha kule polisi," alianza. "Ni haki yako. Lakini ofisini kwa wakubwa wameiona hiyo video, na wananchi, unajua wananchi. Wanasema tunawadharau. Tukienda kortini itaonekana tunapigana na wagonjwa. Hebu tuyamalize hapa."

"Na aniombe msamaha," Truphena alisema.

Mutisya alikunywa soda. Hakuwa mtu mbaya sana, na hapo ndipo penye kuudhi. Alikuwa anaona haya, na mwanamume wa aina yake akiona haya hucheka.

"Sista, na wewe ulimjibu mke wangu vibaya. Si ndiyo?"

"Nilimjibu vibaya. Sikumpiga."

"Basi, yaishe." Akanyoosha mkono, ule ule wa kulia. "Yaishe, sista. Sisi ni majirani tu."

"Hilo si ombi la msamaha."

"Sista," Nabiswa alisema kwa sauti ya kubembeleza, "mpe mkono."

Akampa. Kiganja chake kilikuwa kigumu kama kisigino. Mutisya akacheka tena, akamaliza soda ya kwake, akaondoka na chupa mpaka langoni, mlinzi akamkimbilia kuidai.

Wiki iliyofuata yakafuata mafunzo. Wakubwa walimtuma mkufunzi, kijana nadhifu mwenye kompyuta, aje kuwafundisha wahudumu namna ya kutuliza hasira mahali pa kazi. Siku nzima. Aliyepigwa ndiye aliyeketishwa mstari wa mbele.

"Mgonjwa mwenye hasira ni mgonjwa mwenye hofu," kijana alisema. "Tunafanya nini? Tunavuta pumzi. Tunahesabu mpaka kumi. Tunashusha sauti. Tunamuuliza: nikusaidie vipi?"

Akawaomba waigize. Mzee Shitanda akapewa nafasi ya ndugu wa mgonjwa, Truphena akawa Truphena. Shitanda hakuweza kumfokea. Alisimama pale amekunja kofia mkononi, akasema, "Sista, pole kwa yaliyokupata. Ningekuwako ningevipindua." Watu wakacheka, kijana akapiga makofi, wakapewa sambusa mbili mbili, wakatia sahihi kwamba wamefunzwa.

Truphena alihesabu mpaka kumi. Alihesabu njia nzima kutoka kazini hadi nyumbani. Alipofika mlangoni hasira ilikuwa haijatoka; ilikuwa imepoa tu, na ikipoa hivyo inakaa.

*

Jumanne ndiyo ilikuwa siku ya surua. Chanjo ya surua huja kwenye kichupa kidogo cha dozi kumi, ambacho kikishafunguliwa kinatumika kwa saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Kwa kuwa chanjo zilikuwa haba, Nabiswa alibandika agizo ukutani: chupa isifunguliwe mpaka wapatikane watoto watano. Kila muuguzi alijua agizo hilo na kila muuguzi alijua njia ya kulizunguka. Truphena mwenyewe ndiye aliyekuwa bingwa. Wakija watoto watatu, alichukua daftari, akapiga simu kwa kina mama wanaoishi karibu, "Mama fulani, lete mtoto, chupa iko wazi," na ndani ya nusu saa wamefika watano au saba. Alitumia simu yake mwenyewe kwa kazi hiyo, na hakuna aliyemwomba.

Jumanne hiyo Nthambi alikuja na Syombua, miezi tisa kamili. Alikuwa amevaa kanga safi, na alipofika mezani aliinamisha macho.

"Sista, habari ya kazi. Nimeleta mtoto wa sindano ya miezi tisa." Kisha akaongeza harakaharaka, "Na ile siku... mume wangu ana haraka. Mimi nilimkataza."

Truphena alikifungua kitabu. Jina la baba: Caleb Mutisya. Akautazama mwandiko huo kwa muda. Kwenye benchi kulikuwa na watoto wa surua watatu, huyu akiwa mmojawapo. Simu yake ilikuwa mfukoni.

"Mama, mko watatu," alisema. "Chupa haifunguliwi kwa watoto watatu. Agizo lile pale ukutani. Rudi Jumanne ijayo."

Sauti yake ilikuwa ya chini, tulivu, kama alivyofundishwa. Akauliza hata lile swali: "Kuna lingine nikusaidie?"

"Hapana, sista. Asante."

Wale mama wengine wawili walipoinuka nao, Truphena aliwashika mkono mlangoni na kuwanong'oneza waje Ijumaa, atawatafutia wenzao. Nao Ijumaa wakadungwa. Nthambi hakuambiwa kitu.

Jioni hiyo Truphena alipika ugali na omena wa kukaangwa kwa nyanya, akaimba akiosha sufuria. Zedekiah akamuuliza kuna nini. Akamsimulia. Zedekiah aliacha tonge hewani, kisha akacheka mpaka akapaliwa.

"Wewe ni mbaya!" alisema kwa mapenzi. "Kumbe ningempiga wa nini? Atembee, mke wake! Atembee mpaka viatu viishe. Na hakuna wa kukushtaki, agizo liko ukutani!"

Akech aliinua macho kutoka kwenye kitabu chake. "Lakini mathe, huyo mama si ndiye alikuwa anamvuta?"

"Soma," baba yake alimwambia.

*

Jumanne ya pili walikuwa wanne. Habari za surua zilikuwa zimeanza kusikika, nyumba tatu upande wa Kiamaiko, mbili huku karibu, na Truphena alizijua kwa idadi kwa sababu yeye ndiye aliyeziandika. Alihitaji mtoto mmoja tu. Hakupiga simu.

"Sista, nimefunga kibanda cha mboga," Nthambi alisema. "Sipati mteja hata mmoja nikifunga asubuhi. Haiwezekani kabisa?"

"Ningeweza ningekusaidia, mama. Lakini mimi siiti watu."

Nthambi alimtazama hapo. Aliyakumbuka maneno hayo. Akamfunga mtoto mgongoni, akakaza kanga, akaenda zake bila kusema asante.

Ningependa kuwaambia kwamba Truphena alisikia kitu kikimchoma moyoni. Hakusikia. Alisikia utamu. Alikuwa ameusubiri utamu huo tangu siku ya chooni, na sasa ulikuwa unakuja kidogo kidogo, kila Jumanne, na mikono yake ilikuwa safi. Shavu lilikuwa limeacha kuuma zamani. Akilala alilala.

Jumanne ya tatu walikuwa sita. Chupa ikafunguliwa. Truphena akawadunga watatu wa mwanzo. Wa nne kwenye mstari alikuwa Syombua, na Nthambi alikuwa ameshamkunjia mkono wa fulana tayari.

Truphena alilifungua kasha la barafu, akachungulia, akalifunga.

"Imeisha," alisema.

"Imeisha vipi, sista? Si ni dozi kumi? Nimehesabu, umedunga watatu."

"Hii ilikuwa na upungufu. Njoo wiki ijayo."

Kwa nini alidanganya, ilhali angeweza sasa kumdunga mtoto na kubaki mshindi wa mara mbili? Kwa sababu ilikuwa imeshakuwa tabia. Na kwa sababu Nthambi alikuwa ameanza kuhesabu mbele yake, kwa sauti, mbele ya benchi, na Truphena hakutaka tena kuhesabiwa na mtu yeyote wa nyumba ile. Nthambi alipotoka langoni, Truphena aliwaita wale wawili waliobaki akawadunga. Saa tisa alimwaga dozi tano zilizobaki kwenye ndoo ya taka.

*

Siku ya pili baada ya hapo, Syombua alipata homa, macho yakawa mekundu. Vipele vikafuata, kuanzia nyuma ya masikio. Walimpeleka hospitali kubwa akiwa anapumua kwa shida, na huko wakamlaza siku kumi na tisa.

Truphena alizipata habari hizo kwenye ripoti, jina na umri na mtaa. Alikaa nayo ile karatasi. Kisha akachukua kalenda ya ukutani akahesabu, kwa sababu kuhesabu siku za ugonjwa ndiyo kazi yake. Kutoka kuambukizwa hadi homa, siku kumi, labda kumi na mbili. Akarudi nyuma kwa kidole. Kidole kilipita ile Jumanne ya tatu, ya uongo, kikapita ya pili, kikasimama kati ya ya pili na ya kwanza. Uongo haukuwa umefanya kitu. Mtoto alikuwa ameshaambukizwa tayari. Kilichomwangusha ni ile siku ya kwanza kabisa, siku alipofuata agizo neno kwa neno, kwa sauti ya upole, simu ikiwa mfukoni.

Alimwambia Zedekiah jikoni, Akech akiwa ameenda dukani.

"Hukuvunja sheria," Zedekiah alisema. "Ile ya kwanza hukuvunja sheria yoyote."

"Hapana."

"Basi."

Lakini hakula. Alisukuma sahani, akaenda kusimama mlangoni akitazama watoto wa ploti wanaruka kamba, na alipogeuka hakumtazama mkewe usoni. "Mimi nilitaka kumtoa meno," alisema. "Yeye. Nilitaka kumtoa meno yeye."

*

Mutisya alikuja Jumatatu asubuhi, kliniki ikiwa imejaa. Mlinzi alimwona akashtuka, lakini Mutisya hakuwa na aproni. Alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani, na ndevu hajanyoa. Alipita katikati ya mabenchi mpaka mbele ya meza. Akapiga magoti kwenye saruji.

"Sista Truphena," alisema. "Nimekuja mbele ya hawa wote walioniona. Nilikupiga. Hukunikosea kitu cha kupigwa. Sasa mtoto wangu anaumwa, na mama yangu ameniambia ni mkono huu." Akauinua, akautazama kama si wake. "Mungu ameniona. Naomba unisamehe ili mtoto wangu apone. Niambie tu umenisamehe."

Mtu alikuwa ametoa simu tena.

Hiki ndicho Truphena alichokitaka. Mahali pale, watu wale, maneno yale, hakuna kilichopungua. Alitaka kumwambia ainuke. Alitaka kumwambia si mkono wako, mjinga wewe, ni simu yangu. Maneno hayo yalimfika kooni kabisa.

"Nimekusamehe," alisema.

Akina mama wakapiga vigelegele. Mutisya akamshika mikono yote miwili akailowesha kwa machozi. Bwana Nabiswa alitoka ofisini akiwa amekunjua uso kwa furaha, akasema kwamba haya ndiyo matunda ya mafunzo. Jioni video mpya ilikuwa imezunguka kila mahali. *Huyo sista ana roho safi. Mungu ambariki.* Yule wa vikaragosi vitano sasa alikuwa ameweka mioyo. Akech aliiona, akaizima simu, hakumwonyesha mama yake.

*

Syombua alipona. Alipona kifua, akapona vipele, akaanza tena kula uji. Wiki ya sita baada ya kutoka wodini Nthambi alimleta kliniki kupimwa uzito. Alisubiri mpaka wenzake wote wameondoka, ingawa kitabu chake kilikuwa kimeitwa mapema na Truphena alikuwa ameita jina mara mbili.

Alipofika mezani alimgeuza mtoto. Jicho la kushoto lilikuwa jeupe, limefunikwa na utando kama maji ya mchele.

"Madaktari wanasema hilo halirudi," Nthambi alisema.

"Pole, mama." Truphena alivuta karatasi na kalamu. "Pole sana. Kuna kliniki ya macho, naweza kukuandikia..."

"Ile Jumanne ya tatu," Nthambi alisema, "Mama Keynan alikuwa nyuma yangu kwenye laini. Jioni tulikutana bombani, mtoto wake ana pamba mkononi. Nikamuuliza, umedungiwa wapi? Akasema, si pale pale, baada yako. Na Jumanne ya kwanza, wale wawili tuliokuwa nao. Nimewatafuta. Waliambiwa warudi Ijumaa."

Truphena alitaka kuvuta pumzi kama alivyofundishwa, haikuvutika.

"Umemwambia mume wako?"

"Mume wangu?" Nthambi alitabasamu kidogo, na lilikuwa tabasamu baya kuliko kofi. "Mume wangu anajiona yeye ndiye alimpofusha mtoto. Usiku anaukanda ule mkono. Hapana, sista. Sijamwambia."

"Mwambie." Machozi yalimtoka Truphena, hakuyafuta. "Mwambie, mama. Nakuomba. Au twende wote kwa msimamizi saa hii, nitasema mwenyewe. Wanifute. Wanishtaki. Baba Syombua aje, anifanye anavyotaka, sitapiga kelele."

"Najua hutapiga kelele. Ndiyo maana simwambii." Nthambi alianza kufungua vifungo vya nguo ya mtoto, kimoja kimoja, bila haraka. "Nikimwambia atakuja kukupiga. Akikupiga mtakuwa mmelipana, wewe na yeye, na utarudi nyumbani ulale. Mimi sitaki mlipane. Na kwa msimamizi ukienda nitasema sijui unaongea nini. Nitasema wewe ni sista mzuri, ulimsamehe mume wangu. Si iko kwa simu?"

"Basi unataka nini kwangu?"

"Kitabu kinasema mtoto aletwe kliniki kila mwezi mpaka atimize miaka mitano. Nitamleta. Hapa, kwa meza hii. Akiwepo sista mwingine nitangoja wewe umalize. Ukihamishwa nitauliza umepelekwa wapi."

Alimvua Syombua nguo ya mwisho. Mtoto alikuwa na kitambi kidogo, mchangamfu, akigeuzageuza kichwa ili aone kwa jicho lililobaki. Nthambi alimwinua kupitia juu ya meza, akamweka mikononi mwa Truphena.

"Haya," alisema. "Mpime."